Gofu na Magofu: Habari za Uwanja Chini ya Mlima Kenya

Neno gofu lina maana mbili zisizo na udugu. Ya kwanza, ya kale, ni jengo lililobomoka. Ndiyo maana twasema magofu ya Kilwa na magofu ya Gedi. Ya pili imekopwa kutoka Kiingereza, nayo ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mwanafunzi wa Kabonga, ambako milima yakaribia maji ya Ziwa Tanganyika na watu wategemea samaki na mawese, yamkini huyakuta maneno hayo vitabuni tu. Yafaa basi mwalimu aijue historia yake.

Mchezo huu ulikomaa Uskoti. Mwaka 1457 Bunge la huko liliupiga marufuku, kwa kuwa uliwasahaulisha watu mazoezi ya upinde na mishale. Afrika ya Mashariki uliletwa na Waingereza; klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906.

Uwanja unaosifiwa kwa mandhari ni ule wa Nanyuki. Mwaka 1959 mwigizaji wa sinema wa Marekani, William Holden, na wenzake walinunua hoteli iliyokuwapo pale, wakaifanya klabu ya kifahari iitwayo Mount Kenya Safari Club. Uwanja wake una mashimo tisa. Mchezaji ainuapo macho huuona mlima wenye urefu wa mita 5,199, na theluji kileleni ingawa Ikweta yapita papo hapo.

Lakini uzuri huo una historia chungu. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na baadhi yao wakapelekwa Laikipia, jirani na mlima huo, wakiahidiwa kukaa daima. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawahamisha tena kwenda kusini. Walikwenda mahakamani; mwaka 1913 kesi yao ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, hivyo mahakama haikuwa na uwezo juu yake.

Jina la Nanyuki, hata hivyo, lilibaki, nalo latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Majina ya mahali hudumu kama magofu: wenyewe wakiondolewa, hushuhudia kwamba walikuwapo.

Basi mwalimu afundishapo kwamba gofu la jengo huwa magofu, na gofu ya mchezo haina wingi, asiishie kwenye ngeli. Awaulize wanafunzi majina ya vilima na mito ya kwao: yametoka lugha gani, na nani aliyeyatoa?