Nani Anakuchagulia Kitabu cha Likizo?

Desemba moja, nikiwa darasa la saba, tulienda ushago kama kawaida: mabegi juu ya matatu, kuku miguuni mwa mtu, na mama akitukumbusha njia nzima kwamba darasa la nane si mchezo. Alikuwa amenibebea vitabu vitatu vya marudio. Siku ya nne bado vilikuwa ndani ya begi. Mimi nilikuwa chumbani kwa mjomba, ndugu yake mdogo, nikipekua sanduku lake la bati la enzi za sekondari.

Chini kabisa, chini ya blanketi lililoliwa na nondo, kulikuwa na kitabu kisicho na jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa. Hakikuwa na jina la kitabu wala la mwandishi. Kiingereza chake hakikuwa kile cha mwalimu: kilitukana, kilicheka, kilinuka pombe. Halafu Nairobi yake niliijua. Nilikimaliza usiku mbili, kwa tochi, ndani ya neti. Mjomba aliponifumania hakunigombeza. Alisema tu, "Hicho ficha. Mimi kilinirudisha nyumbani wiki mbili."

Miaka kumi baadaye nilikuwa napita Tom Mboya Street, pale kwa wauza vitabu ambao duka lao ni turubai lililotandazwa chini, lazima uiname ndio uchague. Nikaokota kimoja, nikafungua ukurasa wa tisa. Ndicho chenyewe. Son of Woman, Charles Mangua, 1971.

Tangu siku hiyo, kila shule zikifungwa najiuliza swali moja. Nani aliamua tusome nini tukiwa tumepumzika? Na mbona vile tulivyovifurahia ndivyo vilivyolala chini ya sanduku?

Anza na jengo lililoko Banda Street, lile lenye simba wawili wa mawe mlangoni. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, imejengwa na Lady Lucie McMillan kwa ukumbusho wa mumewe. Ilikuwa ya Wazungu pekee hadi mwaka 1958. Hesabu mwenyewe: miaka 27. Mtu angeweza kufagia barabara iliyo mbele ya simba hao kila asubuhi, akajua kusoma vizuri sana, na asiwahi kufungua kitabu hata kimoja mle ndani. Kabla hujachagua kitabu lazima kwanza uruhusiwe kuingia.

Waafrika nao waliwekewa mpango wao. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau. Ofisi hiyo ilichapisha vitabu kwa lugha za huku kwetu, ikatuma masanduku ya vitabu hadi mashambani, na hata kuazimisha watu vitabu kwa posta. Si jambo dogo. Lakini vingi vilikuwa vitabu vya manufaa: kilimo, afya, namna ya kuendesha nyumba. Mwafrika alitakiwa asome ili abadilike. Kwamba angetaka kusoma ili afurahi tu, Jumapili mchana, amelala chini ya mwembe, hilo halikuwa kipaumbele cha mtu.

Bahati nzuri wasomaji na waandishi hawafuati mpango hadi mwisho. Ofisi hiyo hiyo iliandaa shindano la hadithi za Kiswahili, na mshindi wa 1957-58 akawa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari kutoka Zanzibar. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kama kitabu mwaka 1960. Ndani yake kuna maiti, kuna mahame yanayoogopwa na kila mtu, na kuna Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anayeamini akili kuliko mizimu. Mwaka 1965 ikafuata Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Kama unadhani hadithi za upelelezi kwa Kiswahili ni jambo la juzi, basi babu yako amekutangulia kukosa usingizi kwa ajili ya kutaka kujua muuaji ni nani.

Mwaka huo huo wa 1965, Taban lo Liyong, akiwa bado mwanafunzi Marekani, aliandika kwenye jarida la East Africa Journal akilalamikia ukame wa fasihi Afrika Mashariki. Ngũgĩ alikuwa tayari ametoa Weep Not, Child mwaka mmoja kabla, lakini ukilinganisha na Afrika Magharibi, kweli rafu yetu ilikuwa nyepesi. Malalamiko yale yalikumbukwa kwa miaka mingi. Mvua iliponyesha, haikuwa ile waliyoiombea maprofesa.

Mwaka 1971 ndipo Mangua alitoa Son of Woman. Shujaa wake, Dodge Kiunyu, ni mtoto wa malaya, amesoma, anakunywa, anadanganya, na hamwombi mtu radhi. Kitabu kilinunuliwa kama mkate. Kisha akaja David Maillu, aliyekuwa mchoraji kwenye Sauti ya Kenya, redio na televisheni ya serikali. Maillu hakungoja mchapishaji ampigie simu. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vijitabu vyembamba vya kuingia mfukoni: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4:30 mwaka 1974. Cha kwanza ni mlevi anaongea. Cha pili kinafungua mlango wa ofisi saa za kazi zikiisha, kinakuonyesha mabosi na wachapaji wao. Karani aliyeshuka basi Eastlands jioni alijikuta kwenye kurasa hizo, kwa lugha aliyoielewa.

Wahakiki walikasirika. Wakasema ni takataka, ni uchafu, ni kuharibu vijana. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Comb Books. Kabla miaka ya sabini haijaisha, kampuni ilikuwa imekufa.

Sasa sikia sehemu inayonichekesha. Mwaka 1980 Macmillan ilitoa vitabu viwili kwenye mfululizo wake wa Pacesetters, ule uliojaa shule za Kenya, za Nigeria na kwingineko. Kimoja ni For Mbatha and Rabeka, hadithi ya mapenzi. Kingine ni The Equatorial Assignment, chenye jasusi Mwafrika anayeitwa Benni Kamba 009. Mwandishi wa vyote viwili? David Maillu. Mtu aliyeambiwa anaharibu vijana sasa alikuwa anapewa vijana wasome. Kweli alikuwa amepunguza pilipili. Lakini kile kipaji cha kukufanya ugeuze ukurasa kilikuwa kile kile.

Halafu 1984 John Kiriamiti akatoka jela, na My Life in Crime ikatoka mwaka huo huo. Mswada aliuandika akiwa bado ndani, akitumikia kifungo cha wizi wa mabavu. Nimeuliza watu wengi wasiosoma kitabu siku hizi, "Cha mwisho ulichomaliza kwa hiari yako ni kipi?" Mara nyingi nasikia jina hilo. Wanakumbuka hata walikuwa wamekaa wapi.

Kwa hivyo watu wakiniambia Wakenya hawapendi kusoma, huwa nauliza: kusoma nini? Tumekuwa tukisoma kila tulipopata kitu kinachotuhusu. Kilichofanyika ni kwamba kila kizazi kilipata mlinzi wake mlangoni. Kwanza rangi ya ngozi, kisha ofisi ya kikoloni, kisha wahakiki, kisha mitihani. Huyu wa mwisho ndiye aliyetushika sisi. Likizo ikageuka muhula wa nne, na kitabu kikawa kitu chenye maswali nyuma. Hadi Bunge likalazimika kuingilia: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo. Fikiria nchi inayohitaji sheria ili mtoto apumzike.

Lakini tusidanganyane pia. Kufurahisha si kibali cha kila kitu. Niliporudia Son of Woman nikiwa mtu mzima, niliona jambo ambalo tochi ya utotoni haikuangaza: wanawake wengi mle wanaonekana kwa macho ya mwanamume mlevi tu. Kwa Maillu wa Comb Books pia utalikuta hilo. Dawa yake si kuficha kitabu. Dawa ni kuongeza kingine juu yake. Baada ya Dodge Kiunyu, soma Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya 1986, uone Nairobi hiyo hiyo kupitia msichana aliyeshuka gari moshi akiwa na miaka kumi na sita. Au rudia The River and the Source ya Margaret Ogola, hata kama ulilazimishwa shuleni. Bila mtihani mbele yako, utashangaa inavyokimbia.

Basi Desemba hii ukitaka kitabu cha likizo, chagua kama walivyochagua waliokutangulia: kwa hamu. Inama pale barabarani, soma ukurasa wa kwanza na mmoja wa katikati. Ukijikuta umesahau jua linakuchoma, lipa. Ukifika ukurasa wa hamsini unajilazimisha, acha, hakuna mwalimu atakayekuuliza. Beba viwili, kimoja cha kukupeleka mbio na kimoja cha kukutuliza, kwa sababu hujui ushago utaamka na hali gani. Weka kimoja cha Kiswahili. Kama hujawahi kukutana na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, anza na Kufa na Kupona. Na ukimaliza, mpe mtu. Vitabu hivi vilifika kwetu mkono kwa mkono, si kwa matangazo.

Mimi cha mjomba nilimpelekea Desemba iliyopita, nakala ya mtumba lakini nzima, jalada juu. Aliligeuza, akaliangalia kwa muda, akasema halikumbuki. Ndipo akanieleza. Alilichana mwenyewe siku aliyonunua, yeye na kurasa nane za mwanzo, ili mwalimu akimpata asijue ni kitabu gani. Haikusaidia. Waliporudi msako wa mabweni, mwalimu alisoma mistari miwili mitatu akajua mara moja, maana na yeye alikuwa amekisoma. Mjomba alikaa nyumbani zile wiki mbili, akachunga ng'ombe, na akaamua kwamba vitabu na yeye basi. Miaka yote hiyo nimemjua ni mtu wa gazeti peke yake, tena kurasa za michezo.

"Kwa hivyo hata wewe hujui kinaanzaje," nikamwambia.

"Sijui," akasema. Akamtuma mtoto amletee miwani.