Nyumba ya Kitante: Miaka 70 ya Jengo la Makumbusho ya Uganda

Mwaka 2024 jengo la Makumbusho ya Uganda, lile la Kitante kwenye Barabara ya Kira mjini Kampala, lilitimiza miaka 70. Nimeombwa niandike historia yake fupi, na kama ilivyo ada ya kamati, nimeombwa siku zikiwa zimekwisha. Nimekubali kwa furaha. Mimi ni mtoto wa Kindu, huko Maniema nchini Kongo, nimekulia ukingoni mwa mto Lualaba, lakini miaka yangu mingi ya utu uzima imepita Kampala, na nyumba hii imenilea kama ilivyowalea wengi. Msomaji aniwie radhi nikikawia kwenye miaka ya mwanzo, maana utamu wote uko huko.

Makumbusho ni makongwe kuliko jengo lake. Mwaka 1907 George Wilson, ofisa mkubwa wa serikali ya Waingereza, alitoa wito wa kukusanywa kila kitu cha kuvutia kilichohusu nchi ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1908, makumbusho yakafunguliwa katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Kampala ya Kale. Ngome yenyewe ilijengwa na Kapteni Frederick Lugard mwishoni mwa mwaka 1890, tena kwa shughuli za vita, si za elimu.

Wenyeji hawakuipenda nyumba ile. Ndani yake palikuwa na pembe za waganga, hirizi, ngoma za mizimu na vyombo vya ibada, vyote vimepangwa mahali pamoja na Mzungu mmoja kuvilinda. Baganda wakaiita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za uganga, na waliopita njia ile jioni waliharakisha mwendo. Tunapoisimulia leo tunacheka, ila walioogopa walikuwa na haki yao. Vitu vile vilikuwa vimetolewa mikononi mwa wenyewe, wengine wakiwa wamelazimishwa na dini mpya, wengine na serikali, na hakuna aliyekuja kuwaeleza vimewekwa pale kwa faida ya nani.

Miaka ya 1920 na 1930 mkusanyiko ulikua upesi. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, alizunguka nchi nzima akiokota zana za mawe. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba huko Luzira walifukua vipande vya sanamu ya udongo, kichwa cha mtu chenye macho ya kutokeza, kazi ya mafundi wasiojulikana. Kichwa cha Luzira kikapelekwa London katika British Museum, na hadi leo kiko huko. Kila ninapopita kwenye kabati za akiolojia pale Kitante jambo hili hunikera, basi nimelisema na tuendelee.

Ngome ilipojaa, vitu vilihamishiwa Makerere mwaka 1941, kwenye shule ya sanaa ya Margaret Trowell. Bibi Trowell alivipokea na kuvitunza, na wanafunzi wake wakavichora. Hapo ndipo, nionavyo mimi, makumbusho yalipoanza kuondokana na sura ya ghala la nyara. Kijana wa Kiafrika aliyeketi mbele ya chungu kukichora alikuwa anakitazama kwa jicho lingine kabisa.

Sasa namfikia mzee ambaye sisi wa nyumba hii hatuchoki kumtaja. Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akasomea muziki, kisha akaikimbia Ujerumani ya Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alifika Uganda mwaka 1937, akafanya kazi za elimu upande wa misheni, na mwaka 1948 akakabidhiwa makumbusho. Alizunguka na mashine yake ya kunasia sauti, toka Buganda hadi Acholi, toka Ankole hadi Teso, akirekodi nyimbo na milio ya ala ambazo mafundi wake wengi wamekwisha kufariki. Pamoja na Bibi Trowell akatoa mwaka 1953 kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda. Kitabu hicho ni kizito kukibeba, na bado hakijapata mpinzani.

Lakini sifa yake kubwa kwetu ni nyingine. Wachsmann hakutaka ngoma inyamaze kabatini. Alimwajiri Evaristo Muyinda, mpigaji muziki wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, ili ala za makumbusho zipigwe mbele ya wageni. Muyinda alijua akadinda na amadinda, marimba zile za vibao vya mbao, alijua filimbi, alijua endingidi, zeze la uzi mmoja. Mgeni aliyeingia akiwa na woga wa pembe za waganga alikutana na mtu anayetabasamu, anampa vijiti na kumwonyesha mahali pa kugonga. Watoto wa shule walirudi nyumbani wakiimba, na mwaka uliofuata wakawaleta wadogo zao. Mnamo mwaka 1959 alifika kijana wa Austria, Gerhard Kubik, akajifunza amadinda kwa Muyinda, na baadaye akawa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika duniani. Huyo tunamhesabu kuwa mwanafunzi wetu.

Jengo lenyewe lilichorwa na Mjerumani mwingine ambaye upepo wa siasa ulimtupa huku. Ernst May alikuwa msanifu mkuu wa jiji la Frankfurt miaka ya 1920, na mitaa yake ya nyumba nafuu ilisifiwa Ulaya nzima. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti kujenga miji mipya. Wanazi walipotwaa madaraka kwao hakuweza kurudi, akaja Tanganyika kulima, halafu akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipokwisha akapanga upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. Kwa ajili ya makumbusho alichora jengo refu lenye kimo cha chini, lililojilaza kwenye mteremko wa Kitante, ambalo mwanga na hewa huingia kwa hesabu. Hakuweka nguzo za kifahari wala ngazi za kumtisha mtu. Makumbusho yakahamia humo mwaka 1954, na May akarejea Ujerumani karibu wakati uo huo.

Msaidizi wa Wachsmann, Charles Sekintu, aliandika naye mwaka 1956 kijitabu juu ya mapambo ya kuta za nyumba za Wahima, na baadaye akawa Mganda wa kwanza kuyaongoza makumbusho. Kabla yake alikuwapo Merrick Posnansky, mhifadhi toka 1958 hadi 1962, aliyechimba mahandaki ya kale ya Bigo. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, likatukia jambo kubwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda anayesimuliwa kwamba aliruka mawinguni na kuwatupia Wanyoro mishale, yalirudi toka Cambridge. Mmisionari John Roscoe ndiye aliyekuwa ameyapeleka huko mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokuwa wakiikwepa Enyumba ya Mayembe walikuwa na wajukuu waliopanga foleni kwa hiari yao kumtazama Kibuuka.

Miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya 1980 ilikuwa ya dhiki kwa nchi nzima, na nyumba hii haikusalimika na dhiki hiyo. Fedha zilikauka, wataalamu wengi wakatawanyika. Waliobaki walifungua milango asubuhi na kuifunga jioni, wakafuta vumbi, wakahesabu vitu. Majina yao hayamo katika kitabu chochote, nami nawashukuru. Mengine ya miaka hiyo tuyaache.

Nije kwenye mtihani mkubwa. Mwaka 2010 ukielekea 2011 ilisikika habari kwamba wizara iliyosimamia utalii na biashara ilikuwa na mpango wa kulibomoa jengo la May na kusimamisha mahali pake mnara wa ghorofa 60, kituo cha biashara cha Afrika Mashariki. Makumbusho yangepewa sehemu humo humo mnarani. Watetezi wa mpango walisema ardhi ile ina thamani kubwa mno kukaliwa na nyumba ya chini, na kwamba mapato ya mnara yangetunza urithi wenyewe. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kasoro yake ni kwamba haikuwauliza wenye urithi.

Wakati huo Kampala ilikuwa bado na uchungu wa makaburi ya Wakabaka ya Kasubi, yaliyoteketea usiku wa Machi 16, 2010. Ngome ya Lugard, nyumba yetu ya kwanza, nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa kupisha msikiti mkuu wa Kampala ya Kale. Watu wakaona tumefika ukingoni. Mashirika ya kiraia, likiwemo Cross-Cultural Foundation of Uganda, yakaungana na wapenzi wa majengo ya kale na kwenda Mahakama Kuu mwaka 2011. Walikumbusha kwamba katiba ya 1995 inaitaka dola na raia wahifadhi urithi wa nchi, na kwamba jengo lenyewe ni kitu cha makumbusho sawa na vilivyomo ndani. Magazeti yakajaa barua. Mtu wa Maniema kama mimi aliyezisoma hakuhitaji kueleweshwa: Nyangwe, soko la kwetu lililojulikana hadi Ulaya, lilipigwa katika vita vya 1893, na anayekwenda leo kulitafuta ataonyeshwa majani.

Kilichonigusa katika barua zile ni waandishi wake. Wengi hawakuwa wasomi wa usanifu, na sidhani wangemjua Ernst May wangekutana naye njiani. Walikuwa watu waliowahi kuletwa na mwalimu, wakagonga amadinda, wakalikumbuka. Mnara haukujengwa. Ya vikao vya ndani sitayaeleza, maana wahusika wangali hai na tunasalimiana.

Yaliyofuata nayapitisha upesi, nafasi imekwisha. Mwaka 2011 huo huo, Julai, fuvu la nyani wa kale aliyeishi miaka milioni 20 iliyopita lilipatikana Napak, Karamoja, na kuonyeshwa Kampala. Nakala za rekodi za Wachsmann zimerudi Makerere. Mei 2019 yakafunguliwa maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin, zilizochaguliwa toka negativu zipatazo 70,000 za shirika la utangazaji, na wazee walisimama kutwa wakitafuta sura za ndugu zao. Mwaka 2023 ikapatikana sheria mpya ya makumbusho na malikale kuchukua nafasi ya ile ya 1967.

Na Juni 2024 Cambridge ilirudisha vitu 39 vya Uganda, kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Kukopeshwa mali yako mwenyewe ni jambo la ajabu, na mjadala wake utaendelea. Lakini masanduku yalipofika Kampala yalipelekwa moja kwa moja Kitante, na nyumba ilikuwapo.