Kutoka Arua hadi Kakira: Vibarua, Viwanda na Kiswahili

Wanafunzi wetu wanapoulizwa Kiswahili kilifikaje West Nile, wengi hujibu kwa neno moja: jeshi. Jibu hilo lina ukweli, kwani vijana wengi wa Arua na Koboko waliandikishwa katika King's African Rifles na polisi, na humo Kiswahili kilitumika. Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya historia. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha nusu ya pili, yaani safari ya vibarua.

West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya wilaya. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali masoko ya mazao yalikuwa mbali. Wakati huohuo, kusini kulihitajika wafanyakazi. Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, naye Muljibhai Madhvani akafungua chake Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Walugbara, Wakakwa, Waaluri na Wamadi wakaenda kukata miwa. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 tu. Kabla ya hapo njia ilikuwa ya meli kutoka Rhino Camp hadi Butiaba, barabara hadi Masindi Port, meli tena katika Ziwa Kyoga hadi Namasagali, kisha garimoshi hadi Jinja. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, Jinja ilizidi kukua, ikawa mji wa viwanda vya nguo na shaba.

Msomaji wa historia ya Marekani atakumbuka Chicago. Kati ya 1880 na 1920 wahamiaji zaidi ya milioni 20 waliingia nchi ile, na viwanda vya nyama na chuma vikawameza wengi wao. Lakini kuna tofauti. Kule, mgeni alilazimika kujifunza Kiingereza, lugha ya nchi. Kakira, mwenye kiwanda alikuwa Mgujarati, mwenyeji wa ardhi Msoga, na mkata miwa Mlugbara. Wengi wao walikutana katika Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Darasa lilikuwa shamba la miwa.

Ushahidi umo katika maneno. Kibarua, mnyapara na posho ni msamiati wa kazi ya mkataba. Posho ni chakula au fedha anayopewa mfanyakazi kwa matumizi yake. Uganda leo neno hilo ni jina la ugali wa mahindi, kwa sababu unga ndio uliokuwa mgawo wa kibarua.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi walimu? Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini wapo wazazi wanaokikataa wakisema ni lugha ya askari na wezi. Hatuwezi kuwajibu kwa sarufi peke yake. Tuwaambie pia kwamba ni lugha ya babu zao waliotoka kutafuta kodi na mahari kwa jasho.

Tunawahimiza wanafunzi wetu wa Arua na Koboko watumie likizo kuwahoji wazee waliofanya kazi Kakira na Lugazi. Wazee hao wanapungua kila mwaka.