Vifuniko vya magurudumu: Pambo linaloweza kuficha hatari

GARI-NYUMBA, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ambamo wasafiri huishi safarini, huwa na uzito wa tani kadhaa. Uzito huo wote hubebwa na magurudumu yanayoshikiliwa na nati chache tu. Juu ya nati hizo, wenye magari wengi hupenda kuweka vifuniko vinavyong'aa.

Vifuniko hivyo hulipa gari sura nzuri na kuficha kutu ya rimu. Hata hivyo, vikifungwa vibaya au vikikaa muda mrefu bila kuondolewa, vinaweza kuficha nati iliyolegea hadi gurudumu lichomoke barabarani.

Magari ya aina hii yameenea zaidi Marekani, ambako kampuni ya Winnebago, iliyoanzishwa mwaka wa 1958 katika jimbo la Iowa, ilianza kuyaunda mwaka wa 1966. Mengi ya ukubwa wa kadiri huundwa juu ya fremu ya Ford E-450, ambayo huruhusiwa uzito wa takriban tani 6.5 gari likiwa na mzigo. Nyuma huwa na magurudumu pacha, mawili kila upande, na kila upande hufungwa kwa nati nane.

Aina za vifuniko

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya plastiki au bati jembamba, ambayo husukumwa ndani ya rimu na kushikwa na vibanio vya chuma. Hii hutumika zaidi katika magari madogo yenye gurudumu moja kila pembe.

Ya pili ni ya chuma kisichoshika kutu, na ndiyo ya kawaida kwa magurudumu pacha. Kifuniko cha mbele huchomoza nje na cha nyuma huingia ndani kama bakuli, kwa kufuata umbo la rimu. Juu yake huonekana nati nane zinazong'aa, lakini nyingi huwa za bandia. Katika miundo mingi ni mbili tu zenye nyuzi za kweli, na hizo ndizo hushikilia kifuniko.

Kabla ya kununua, mwenye gari anapaswa kujua kipenyo cha rimu, idadi ya nati na idadi ya matundu ya rimu. Rimu za inchi 16 ni za kawaida katika magari ya kadiri, nazo za inchi 19.5 na 22.5 hupatikana katika makubwa zaidi. Kifuniko kisicholingana na matundu ya rimu huziba hewa inayopoza breki na kuzuia njia ya kufikia vali ya tairi.

Jinsi ya kuondoa na kufunga

Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa na magurudumu yakawekewa vizuizi. Hakuna haja ya jeki iwapo kazi ni ya kifuniko pekee.

Fundi hutafuta zile nati mbili za kweli, akazifungua kwa spana ya mkono. Mashine ya kufungulia nati haifai hapa, kwani huponda vichwa vyake vyembamba. Kifuniko kikikwama, hakipaswi kung'olewa kwa bisibisi upande mmoja. Huhakikishwa kwanza kwamba hakuna nati ya kweli iliyosahaulika, kisha huvutwa kidogo kidogo pande zote.

Kifuniko kikishatoka, kazi muhimu zaidi ndiyo huanza. Nati halisi za gurudumu hukaguliwa moja baada ya nyingine. Michirizi ya kutu inayotokea kwenye nati, au mashimo ya rimu yaliyopanuka, ni dalili kwamba gurudumu limekuwa likicheza. Nati hukazwa kwa kufuata zinazokabiliana, wala si kwa kuzunguka duara, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Sehemu ambapo rimu hukutana na kitovu cha gurudumu inapaswa kuwa safi. Kutu, matope au rangi nzito ikibaki hapo, husagika gari likitembea na nati ikalegea ingawa ilikazwa vyema. Kwa sababu hiyo hiyo, bati la kifuniko halifai kubanwa kati ya nati na rimu, isipokuwa kama mtengenezaji ameliunda hivyo.

Wakati wa kurudisha, tundu la vali hulinganishwa kwanza, kisha kifuniko husukumwa kwa kiganja au nyundo ya mpira hadi kikae sawa pande zote. Nati zake hukazwa kiasi tu. Kazi yake ni kushika kifuniko, haina kazi ya kushika gurudumu.

Gurudumu lililofunguliwa, kwa mfano kwa sababu ya pancha, linapaswa kukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Hapa ndipo wengi hukosea: hurudisha kifuniko papo hapo, na uvivu wa kukifungua tena huwafanya wasahau nati. Ni afadhali kifuniko kisubiri hadi ukaguzi huo wa pili ukamilike.

Tairi la ndani

Tatizo jingine ni upepo wa tairi la ndani katika magurudumu pacha. Kifuniko huifanya vali yake iwe vigumu kufikiwa, hivyo baadhi ya wenye magari huongeza mrija wa kuirefusha. Mrija usiofungwa imara hutikisika na kuvujisha upepo, na tairi la nje hubeba mzigo wa yote mawili bila dereva kujua.

Funzo kwa Kenya

Nchini Kenya magari-nyumba ni machache, lakini magurudumu pacha yamejaa barabarani katika matatu kubwa, mabasi ya shule na malori. Katika magari mengi ya zamani ya Kijapani, nati za upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na kawaida, na fundi asiyejua huzilegeza akidhani anazikaza. Katika baadhi yake, tairi la ndani lina nati yake mbali na ya nje, na ile ya ndani haiwezi kukazwa bila ya nje kulegezwa kwanza.

Baadhi ya mabasi na malori huwekwa vishale vya plastiki juu ya nati. Nati ikizunguka, kishale hugeuka na dereva huiona hitilafu kabla ya safari. Vishale hivyo havina faida chini ya kifuniko kilichofunika kila kitu. Mwenye gari anayependa pambo hilo hana budi kulivua mara kwa mara ili nati zilizo chini yake zikaguliwe, hasa kabla ya safari ndefu.