Raba za milango ya magari ya zamani: Kinga dhidi ya kutu, vumbi na moshi wenye sumu

MMILIKI wa gari la zamani katika kaunti za Homa Bay na Migori hasiti kugharimia injini, breki au springi. Kitu anachokisahau ni raba nyembamba inayozunguka mlango, ambayo hukumbukwa tu siku zulia linapolowa au abiria wa nyuma wanaposhuka nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi.

Raba hiyo ina kazi tatu. Huzuia maji yanayoozesha bati, huzuia vumbi na, katika magari yenye mlango mkubwa wa nyuma, huzuia moshi wa ekzosi usivutwe hadi walipoketi abiria. Kwa hivyo kuibadilisha si suala la urembo. Ajabu ni kwamba kazi yenyewe mara nyingi hufanywa kinyume: raba mpya hubandikwa juu ya kutu, na misimu miwili ya mvua haipiti kabla ya maji kurudi.

Magari yaliyobaki

Gari linalotajwa kwanza katika mjadala huu ni Peugeot 504. Lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, na likajipatia jina nchini Kenya kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alipotumia lile la milango miwili. Stesheni wagoni yake, hasa ile yenye safu tatu za viti, ilibeba abiria na mizigo ya mashambani kwa miaka mingi, kazi ambayo sasa imechukuliwa na Toyota Probox. Magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa nchini hadi mwaka 2004, na ndiyo sababu hadi leo hupatikana yaliyo mazima katika nyua za watu.

Sambamba na hayo kuna Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, Volkswagen za umbo la kobe na pikapu za Datsun. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Maana yake ni kwamba gari la aina hii likioza, kupata jingine kutoka ng'ambo si jambo rahisi. Anayetaka kulihifadhi hana budi kulinda bati lililopo.

Mazingira ya eneo hili hayana huruma kwa raba. Kaunti zote mbili ziko kusini kidogo mwa ikweta, ambako jua la mchana huwa kali. Miale ya jua na hewa ya ozoni hukausha raba, ikapasuka nyufa ndogondogo kisha ikawa ngumu kama ubao. Mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba hupenya kupitia nyufa hizo. Katikati ya misimu hiyo, barabara za murram za Nyatike, Kuria na bonde la Lambwe hutoa vumbi jembamba linaloingia hata pale maji yasipoweza kupita.

Hatari ya mlango wa nyuma

Gari lolote linapokwenda kasi husukuma hewa mbele na kuacha upungufu wa hewa nyuma yake. Stesheni wagoni, kwa kuwa imekatwa wima upande wa nyuma, huacha upungufu mkubwa zaidi. Vumbi lililotimuliwa na magurudumu, pamoja na moshi wa ekzosi, huzunguka na kuganda kwenye kioo cha nyuma. Palipo na mwanya, vitu hivyo huvutwa ndani. Dereva akiteremsha kioo chake apate hewa, mara nyingi huongeza mvuto huo badala ya kuupunguza.

Vumbi huonekana, bali gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi haionekani wala hainuki. Hujishika na damu kwa nguvu iliyo takriban mara 200 zaidi ya ile ya hewa ya oksijeni, na hivyo kuunyima mwili pumzi. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo msafiri huweza kudhani yametokana na joto au mashimo ya barabarani. Wanaoathirika kwanza ni walioketi safu ya mwisho, ambao aghalabu ni watoto.

Abiria wa nyuma wakilalamika kwa dalili hizo, gari lisimamishwe, milango yote ifunguliwe na watu watoke nje. Baada ya hapo ekzosi ikaguliwe pamoja na raba, kwa sababu bomba lililotoboka chini ya sakafu halizibwi kwa kubadilisha raba ya mlango.

Kutambua panapovuja

Si kila unyevu ndani ya gari ni kosa la raba. Maji huweza kupita kwenye raba ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya nyaya yaliyo nyuma ya injini, au kwenye vizibo vya sakafu vilivyong'oka. Gari linalobeba samaki kutoka Mbita au Kendu Bay hulowa pia kwa barafu inayoyeyuka ndani. Kwa hivyo uchunguzi hutangulia ununuzi.

Kipimo cha kwanza ni karatasi. Kipande chake hubanwa kati ya mlango na fremu, mlango ukafungwa, kisha karatasi ikavutwa. Ikitoka bila kushikwa, raba haigusi mahali hapo. Jaribio hurudiwa kila baada ya upana wa kiganja, na sehemu zilizolegea hutiwa alama ya chaki.

Kipimo cha pili ni mwanga. Usiku, mtu mmoja hukaa ndani na mwingine huzungusha tochi nje ya ukingo wa mlango. Palipo na mwanga pana mwanya.

Cha tatu ni maji ya mpira wa bustani, yakianzia chini na kupanda polepole. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu na hatajua maji yalipita wapi.

Kwa wakazi wa maeneo ya murram, vumbi lenyewe ni shahidi. Ukingo wa fremu ukipanguswa vizuri kabla ya safari, vumbi litachora mstari mahali lilipopenya.

Kuchagua raba

Raba za milango hushikiliwa kwa njia kuu tatu. Kuna zenye uti wa chuma ndani, ambazo hubanwa juu ya ukingo wa bati bila gundi. Kuna za sponji zinazobandikwa kwa gundi. Kuna pia zinazopenyezwa katika mfereji au kushikiliwa na bapa la bati lililopigiliwa ribiti au skrubu, kama ilivyo katika Land Rover nyingi za zamani. Mwenye gari hapaswi kuhama kutoka njia moja hadi nyingine, kwa kuwa mlango uliundwa kwa unene na umbo maalumu.

Raba zilizotengenezwa upya kwa ajili ya 504 na magari mengine mashuhuri huuzwa na kampuni maalumu za Ulaya. Wasioweza kumudu gharama hizo hutafuta raba za kukatwa kwa mita katika maduka ya vipuri, yakiwemo ya Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi. Njia hii inafaa iwapo mnunuzi atabeba kipande cha raba ya zamani chenye urefu wa kidole, kilichokatwa mahali ambapo hapajabanwa sana. Hupimwa vitu vitatu: unene wa ukingo wa bati, kimo cha sehemu ya duara inayobanwa, na upande ambao duara hilo limeelekea.

Aina bora ni raba ya sintetiki inayojulikana kwa herufi EPDM, kwa kuwa hustahimili jua na ozoni kuliko mpira wa asili. Vipande vya tyubu ya gurudumu, ambavyo baadhi ya watu hutumia, havifai. Tyubu haina uwazi wa kubonyea na kurudi, na hushika maji dhidi ya bati.

Raba nene kupita kiasi nayo ni hasara. Mlango hukataa kufunga, ukapigwa kwa nguvu, na baada ya miezi michache bawaba na kufuli huharibika.

Kutoa ya zamani na kutibu kutu

Miezi inayofaa kwa kazi hii ni Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba, ambapo bati huweza kukauka kabisa.

Raba ya zamani huvutwa taratibu kwa mkono kuanzia kwenye kiungo chake. Iliyobandikwa hulainishwa kwa mafuta ya taa au thina iliyotiwa kwenye kitambaa, kisha ikakwanguliwa kwa kipande cha plastiki ngumu. Bisibisi hukwaruza rangi, na kila mkwaruzo ni chanzo kipya cha kutu. Thina itumike nje, mbali na moto na sigara.

Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Ukingo wa bati usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Bati lililotoboka likatwe na kuchomelewa jipya na fundi wa bodi. Kulijaza kwa puti ni kuficha maradhi. Kisha hupakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ikafuatwa na rangi ya gari, na kuachwa ikauke vyema. Ukingo uliopindwa na magoti ya wapakiaji wa mizigo unyooshwe, kwa maana raba iliyonyooka haiwezi kufuata bati lililojikunja.

Aidha, matundu madogo yaliyo chini ya kila mlango yazibuliwe kwa waya mwembamba. Maji yanayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango wenyewe, na yamekusudiwa kutokea hapo. Matundu hayo yakiziba kwa matope, mlango hujaa na kuoza kutoka ndani hata kama raba ni mpya.

Kufunga mpya

Raba hupangwa kwanza bila gundi, ikazungushwa fremu yote ili kuhakikisha inatosha. Kiungo huwekwa chini, kwenye kizingiti, kamwe si juu ambako maji huanguka.

Kosa kubwa ni kuivuta. Raba iliyonyoshwa hurudi katika urefu wake baada ya siku chache, ikaacha pengo kwenye kiungo na kuinuka kwenye pembe. Inapaswa kusukumwa ndani, na kwenye pembe iongezwe kidogo ili izunguke bila kujikunja. Ncha iachwe ndefu kwa sentimita moja au mbili. Baada ya kulala usiku mmoja, hukatwa kwa wembe mpya na ncha mbili zikaunganishwa kwa gundi.

Kwa raba za kubandikwa, gundi ya mpira hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi isishike kidole, ndipo zikabanwa kipande kwa kipande. Matundu madogo ya hewa yaliyo kwenye raba yasizibwe kwa gundi, kwani ndiyo huiwezesha kubonyea.

Mlango utakuwa mgumu siku za kwanza. Badala ya kuupiga, hulegezwa kidogo kidude kilicho kwenye nguzo ambacho kufuli hujishika, kikasogezwa nje kwa milimita chache, kisha kikarudishwa baadaye raba inapozoea.

Kwa mlango wa nyuma, bawaba na kufuli zikaguliwe kabla ya raba. Mlango ulioshuka kwa uzee wa bawaba hubana upande mmoja na kuachia mwingine, na hakuna raba itakayorekebisha hilo. Baada ya kuufunga, jaribio la karatasi lirudiwe pande zote nne, hasa kwenye pembe za chini zilizo karibu na bomba la ekzosi.

Utunzaji

Kazi ikikamilika, maji hunyunyizwa tena kutoka chini kwenda juu, na zulia liachwe nje hadi mvua halisi ya kwanza ithibitishe kuwa sakafu ni kavu.

Kila mwezi raba ipanguswe kwa maji na sabuni kidogo, kisha ipakwe silikoni au gliserini. Grisi na oili ya injini havifai kwa EPDM, kwa sababu huifanya ivimbe na kulainika. Gari lisilotumika liegeshwe kivulini, na milango yake ifunguliwe mara kwa mara ili raba isigandie rangi.

Mwenye fedha za kufanya sehemu moja tu kwa sasa aanze na mlango wa nyuma, kisha milango ya abiria, na mwisho ule wa dereva. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa dereva ndiye anayelowa na ndiye anayelipa. Sumu, hata hivyo, huingilia nyuma.