Yangambi 1941: hesabu ya kokwa la ngazi

Wahitimu wenzangu, kila nyumba kwetu inapika na mawese, lakini wachache wanajua kwamba swali kubwa la mti huu lilijibiwa hapa hapa Kongo.

Mingazi iko ya namna tatu. Dura ina kokwa lenye ganda nene. Pisifera haina ganda, ila mara nyingi mikungu yake inaoza mbele ya kuiva. Tenera iko katikati: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta kupita dura. Kwenye miaka ya 1920 wakoloni waliona tenera nzuri sana katika bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, na mbegu zake zikapandwa Yangambi. Watoto hawakufanana. Dura zilitokea, pisifera pia. Juu ya nini?

Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa INEAC pale Yangambi, walijibu kwa kuhesabu. Tenera kwa tenera, katika miti minne: dura moja, tenera mbili, pisifera moja. Wale wa Bio-Chimie tayari wamemkumbuka Mendel na njegere zake. Yaani tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Unganisha hao wawili, watoto wote ni tenera. Ile pisifera iliyodharauliwa ikawa baba wa mashamba ya Malaysia na Indonesia.

Shida ikabaki moja. Kwenye pepinieri miche yote inafanana. Chavua ya dura ikiingia kwa bahati mbaya, hauoni kitu. Unapanda, unapalilia miaka mitatu, minne, halafu ndio unapasua kokwa na kujua. Na mti ule unakaa shambani zaidi ya miaka 20!

Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia na wenzao wa Marekani walitangaza jeni yenyewe, wakaiita SHELL. Herufi moja ya DNA ikibadilika, habari ya ganda inabadilika. Sasa kipande cha jani la mche kinatosha kwa labo. Walipopima hivyo kwa wakulima wa kujitegemea Malaysia, karibu mti mmoja kwa kumi ulikuwa dura mahali pa tenera.

Badiliko moja la jeni hiyo linaitwa AVROS, kifupi cha chama cha wapanda mpira wa Sumatra, ambako mbegu za Eala zilipelekwa zamani. Jina la Eala haliko. Mimi hiyo inaniuma, lakini kuna kubwa zaidi: mkulima wa Tshopo anayeokota mbegu chini ya tenera yake nzuri, chavua iwe ya dura, ya tenera au ya pisifera, atapata tenera nusu tu. Hesabu ni ile ile ya 1941.