Ukilipia huduma mtandaoni, jua nani atashika pesa zako

MKAZI wa Kerugoya anayetaka kuhuisha leseni ya udereva, kujisajili kwa mtihani wa lugha wa ng'ambo au kununua anwani ya tovuti ya biashara yake ya kahawa hana haja tena ya kupanda matatu hadi Nyeri au Nairobi ili alipe. Huingia saiba mjini, ama huitoa simu mfukoni na kumaliza shughuli hiyo papo hapo. Tangu Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, kulipa kumekuwa jambo jepesi mno. Kilichobaki kigumu ni kuzirejesha pesa iwapo huduma iliyolipiwa haikupatikana.

Anayenunua shati mtandaoni angalau huletewa kifurushi, hata kama ndani mna matambara. Anayenunua huduma hununua ahadi, na ahadi haina risiti ya posta wala alama ya gurudumu barabarani. Kwa sababu hiyo, mnunuzi hafai kuanza kwa kuuliza njia ipi ni ya haraka au nafuu. Aulize kwanza ni nani atakayezishika pesa zake zikishamtoka, na iwapo yupo mtu wa tatu mwenye uwezo wa kuzirudisha.

Kwa kipimo hicho, njia duni kuliko zote ni kutuma pesa moja kwa moja kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hapo hakuna mtu wa tatu. Wengi hudhani kwamba wakiupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, malipo yatafutwa. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikukusudiwa kuvunja mapatano yaliyoharibika. Isitoshe, mpokeaji akishazitoa pesa kwa wakala, hakuna kinachosalia cha kurudishwa. Wanaoumia sana ni vijana, wakiwemo wanafunzi wa vyuo, wanaotafuta kazi za uandishi mtandaoni. Huambiwa watume "ada ya usajili" kwanza, kisha "ada ya mafunzo", kisha simu huzimwa. Anayetoa kazi halafu akamdai mwajiriwa pesa anauza kitu kingine, si kazi.

Afadhali namba ya biashara, yaani Paybill au Till, ambayo ilienea nchini baada ya Lipa na M-Pesa kuanzishwa mwaka wa 2013. Mfanyabiashara wa aina hiyo amesajiliwa kwa stakabadhi, na jina lake huonekana kabla malipo hayajakamilika. Lisome jina hilo. Likitofautiana na la kampuni unayoijua, sitisha na uulize, ingawa tofauti si ushahidi wa wizi: wakati mwingine litatokea jina la kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya muuzaji, mathalani Pesapal, iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 2009. Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya kampuni za malipo ilizozipa leseni chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na kuikagua hakuhitaji zaidi ya dakika chache.

Kwa huduma za serikali mambo ni mepesi. Mwaka wa 2023 serikali iliagiza malipo yake yote yapitie namba moja, 222222, kwenye mfumo wa eCitizen. Anwani halisi za idara za serikali huishia kwa .go.ke. Ukurasa wenye nembo ya taifa lakini anwani ya aina nyingine uondokee mara moja. Ile picha ya kufuli kando ya anwani, ambayo wengi huitegemea, huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye aweza kuwa na kufuli.

Muuzaji akiwa ng'ambo, kadi ya benki ndiyo yenye kinga kubwa zaidi. Mwenye kadi ya Visa au Mastercard anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Kuna muda wa mwisho wa kufanya hivyo, hivyo peleka malalamiko mapema. PayPal nayo hutoa siku 180 za kuwasilisha mzozo, ila haimlindi aliyelipa kwa njia iliyotengewa marafiki na jamaa. Muuzaji anayekusihi utumie njia hiyo "ili uepuke ada" ana sababu zake.

Lakini kadi ina udhaifu wake: hukabidhi namba zinazoweza kutumiwa tena. Mwandishi huyu aliwahi kujiandikisha kwa huduma ya ng'ambo iliyodai ni ya majaribio bila malipo, akasahau kujiondoa. Alipoitazama taarifa ya benki, alikuta amekatwa kwa miezi minne. Malipo ya kawaida ya Paybill au Till, yasiyo ya agizo la kujirudia, hayawezi kurudiwa hivyo, kwa kuwa kila mara huhitaji namba yako ya siri. Ndiyo maana inafaa kutumia kadi isiyounganishwa na akaunti ya mshahara au ya mauzo ya majani chai. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa 2022 kwa ushirikiano na Visa, hutoa namba ya usalama ya muda mfupi. Hata hivyo, huchota katika salio la M-Pesa, kwa hivyo ni heri salio hilo lisizidi sana bei ya huduma.

Usiandike namba za kadi kwenye tarakilishi ya saiba. Mashine hiyo hutumiwa na wengi, na aghalabu hukumbuka yaliyoandikwa. Na ombi la malipo likitokea kwenye simu yako ghafla, ilhali hujaagiza chochote, usibonyeze namba ya siri, hata kama aliye upande wa pili anadai anapigia kutoka afisi ya huduma kwa wateja.

Aliyekwisha kutapeliwa apige simu kwa benki au kampuni ya simu saa hiyo hiyo, kabla pesa hazijatolewa. Kisha aende kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa malipo, namba ya mpokeaji na nakala ya mazungumzo yao. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inatambua ulaghai wa aina hii kuwa kosa la jinai. Asifute chochote kwa aibu. Ujumbe unaomwaibisha ndio ushahidi wenyewe.